Mwezi wa Bi Dalenda

Jumatatu, 4 Novemba

Leo Sirine amenipa daftari hili. Anataka niandike hali ya kila filamu itakayoingia mwezi huu: mikwaruzo, viungo vya mkanda, rangi kama imefifia. "Mzee Mongi, macho yako ndiyo pekee ninayoyaamini," akaniambia. Maneno ya asali. Ana miaka thelathini na moja, amesoma ng'ambo, kisha akarudi hapa Bizerte akaikodi Sinema Nawras, ambayo kwa miaka kumi na minane ilikuwa ghala la mafriji mabovu. Akanitafuta mimi niliyekwisha kustaafu, akanipandisha tena kwenye chumba cha projekta. Nilipomwambia mke wangu Mahbouba kwamba binti huyu anacheza sinema kama watoto wanavyocheza harusi, alinijibu, "Na wewe bwana harusi wa miaka sitini na nne, mbona umeshachomekea shati?"

Mwezi huu ni filamu nane, Alhamisi na Jumamosi, saa kumi alasiri, hadi tarehe thelathini. Nilidhani zitakuwa za mwigizaji mmoja, au za mwongozaji mmoja. Hapana. Zote nane zimehaririwa na mwanamke mmoja, Dalenda, wa Menzel Jemil, ng'ambo ya daraja. Mhariri ni yule anayebaki na mkasi baada ya wapiga picha kwenda kwao, akaamua kipi kikae na kipi kitupwe, na kipi kifuate kipi. Miaka arobaini na mitano nimerusha filamu, na jina la mhariri lilipopita kwenye pazia ndipo nilipokuwa nikiwasha sigara.

Nikasoma orodha hadi chini. Ya nane: *Nyumba ya Sejnane*, 1979.

Nikakunja karatasi, nikasema naenda kununua utepe wa kuungia mikanda.

Jumanne, 5 Novemba

Mvua. Paa linavuja safu ya tano na ya tisa. Ndoo mbili.

Alhamisi, 7 Novemba

Filamu ya kwanza. Watu kumi na mmoja, ndoo tatu. Hali ya nakala: nzuri, mikwaruzo kidogo mwanzoni.

Ni ile ya harusi kijijini. Zamani niliirusha labda mara ishirini, na ukiniuliza jana ningekuambia kwamba karibu na mwisho bibi harusi analia machozi mpaka wanja unamtiririka. Leo nilitazama. Uso wake unaanza kuvunjika, midomo inacheza, na pale pale tunapelekwa kwa baba yake, anamimina chai kwenye bilauri iliyokwisha kujaa. Chai inamwagika mezani, naye anaendelea kumimina. Basi. Bibi harusi halii. Watu walipotoka nilirudisha mkanda nikautazama kwa kioo cha kukuzia, picha moja baada ya nyingine. Hakuna hata moja anayolia.

Yale machozi niliyakumbuka kwa miaka arobaini, na kumbe ni mimi niliyeyaweka. Au ni huyo mwanamke aliyenifanya niyaweke.

Jumamosi, 9 Novemba

Watu kumi na tisa. Laroussi, kinyozi wa mtaa wa nyuma, amekuja mara ya pili, amekaa kiti kile kile chini ya mvujo na mwavuli ameufungua. Ilipokwisha akamwendea Sirine.

"Filamu tamu. Lakini huyo mama mnayemsifu kwenye bango kafanya nini? Mimi sikuona kitu."

"Ndiyo kazi yenyewe, ami Laroussi. Usione."

Laroussi akajikuna shingo. "Ah. Kama kunyoa basi. Ukinyolewa vibaya watu wanakuuliza, nani kakufanya hivi? Ukinyolewa vizuri wanakuuliza, ulipumzika wapi?"

Sirine alicheka mpaka akashika meza. Nami nilicheka. Kisha nikakumbuka tarehe thelathini, kicheko kikanikauka.

Jumapili, 10 Novemba

Mvua imenifunga nyumbani. Karatasi hizi nitazichana kabla Sirine hajazisoma, lakini acha niandike.

Mwaka 1979 nilikuwa na miaka kumi na tisa, nikijifunza kazi katika sinema hii hii. Mwenyewe aliitwa Sadok, amekwisha kufa. *Nyumba ya Sejnane* ilikuja kwa juma moja. Ni habari ya mwanamke ambaye mume wake amekwenda kufanya kazi Ufaransa. Mwanzo zinakuja barua, kisha zinakuja zawadi bila barua, kisha hakiji kitu. Kaka zake wanamtaka arudi kwao, kwa sababu mwanamke peke yake ndani ya nyumba ni maneno ya watu. Siku ya mwisho anafunga nguo zake furushi, analibeba, anakwenda mlangoni. Mlango unafungwa. Picha ni mbao tu na mkono unaovuta komeo, huwezi kujua kama yuko ndani au nje.

Baada ya hapo zilikuwepo dakika nne. Yuko ndani. Hakuondoka. Anakaa chini anakula komamanga, hasemi neno, filamu inakwisha.

Siku ya kwanza watu walipiga miluzi. Walitupa maganda ya mbegu za alizeti, wakageuka kuangalia dirisha langu: "Mongi, amka! Mkanda umekwama!" Siku ya pili Sadok akapanda juu, jasho linamtoka. "Kata. Iishie mlangoni. Watu wawahi basi lao." Kikatio chetu kilikuwa kibovu, nikaenda nyumbani nikachukua mkasi wa mama wa kushonea. Nikakata. Kipande nikakitundika kwenye msumari, nikikusudia kukirudisha Ijumaa, kabla dereva hajaja kuchukua makopo.

Projekta haianzi na filamu yenyewe. Unahitaji mita chache za mkanda usio na kazi mbele, za kupitisha kwenye magurudumu. Juma lile mkanda wa kazi hiyo uliniishia. Nikachukua kidogo kwenye msumari. Kesho yake kidogo tena. Ijumaa dereva alipopiga honi, msumari ulikuwa mtupu. Nikafunga kopo nikamkabidhi, na hakuna aliyeuliza.

Kama ningekuwa nimepoteza dakika nne tu, ningeweza kusema ni utoto. Lakini nilimtoa mwanamke yule nyumbani kwake. Mji mzima ulisema ameondoka. Waliomlaani walimlaani kwa kuondoka, na waliomsifu walimsifu kwa kuondoka.

Nchi hii ilikuwa na nakala nyingi. Naomba Mungu inayokuja iwe nyingine.

Jumanne, 12 Novemba

Nimefika asubuhi nikamkuta Sirine juu ya paa, koti la mvua la baba yake linaburuta, anapaka lami kwenye ufa. Nikapiga kelele: "Shuka, mwanangu, utavunjika!"

"Nikishuka, nani atapanda? Wewe?"

Nikapanda. Tulipaka wawili hadi adhuhuri. Aliniambia amekwenda Tunis mara tisa kuzitafuta filamu hizi, kwenye vyumba vya chini, kwa wajane wa waongozaji, hata kwenye banda la kuku. Nikaona aibu kwa lile neno langu la watoto na harusi.

Alhamisi, 14 Novemba

Watu ishirini na sita. Ndoo moja tu. Nakala imefifia kuwa nyekundu yote, hakuna aliyelalamika.

Jumamosi, 16 Novemba

Watu thelathini na wanane. Mahbouba amekuja, amekaa safu ya pili. Ni filamu ya mgomo wa bandarini. Kuna mahali wapakuzi mia wanasimama kimya, na Bi Dalenda hatuonyeshi nyuso zao. Anatuonyesha kofia ya msimamizi, kiatu chake, kisha saa yake ya mkononi, kisha kiatu tena, nacho kimesogea nyuma hatua moja. Hatua moja tu! Ukumbi mzima ukaguna. Nimeanza kuzitambua sehemu alizogusa, kama mtu anayejifunza mwandiko wa mwenzake.

Njiani Mahbouba akaniuliza, "Una nini wewe? Unatazama filamu nzuri kama mtu anayesubiri meno yang'olewe."

Nikasema ni mgongo.

Jumanne, 19 Novemba

Sirine alikuja juu mbio mbio. "Mzee Mongi, nimeipata! *Nyumba ya Sejnane*! Ilikuwa kwa msambazaji wa zamani, nyuma ya magunia. Mkanda mama, ule wa kuchapia nakala, ulipotea maabara ya Ulaya ilipofungwa, na nakala nyingine zote zimeoza. Hii ndiyo pekee duniani."

Akanikumbatia. Nilisimama kama mti.

Jumatano, 20 Novemba

Amenipeleka kwa Bi Dalenda. Nilitafuta visingizio vitatu, vyote akavikataa.

Nyumba ndogo, mlimau uani. Bibi wa miaka sabini na saba, mfupi, miwani imefungwa kwa uzi. Mikono yake inatetemeka, sinia la kahawa lilikuwa likiimba lenyewe hadi mezani. Alinitazama kutoka viatu hadi kichwani.

"Wewe ndiye mrushaji?"

"Ndimi, Bi Dalenda."

"Taa yako mpya au ya zamani?"

"Mpya."

"Usiikaze sana. Filamu zangu hazipendi kuchomwa." Kisha akamgeukia Sirine. "Na wewe usiniulize tena kwa nini siji. Sipendi kupigiwa makofi na watu wasiojua wanapigia nini. Nitakuja ya mwisho tu."

"Kwa nini hiyo, bibi?"

"Sijawahi kuiona na watu. Ilipotoka nilikuwa nimelazwa Tunis, mapafu, miezi mitatu. Nilipotoka, ilikuwa imezunguka nchi na kurudi koponi. Nataka nisikie ukumbi unafanya nini kwenye zile dakika nne."

Sirine akauliza dakika zipi. Bi Dalenda akaweka kikombe chini.

"Mwongozaji alitaka filamu iishie mlangoni. Tuligombana siku tatu. Nilimwambia, bwana, ukiishia hapo watu watasema ameondoka. Nyinyi wanaume ndivyo mnavyopenda, mwanamke aondoke mpate kumlilia. Mimi sitaki aliliwe. Nataka ale. Basi akasema, haya, lakini hakuna mtu atakayekaa dakika nne kumtazama mwanamke anakula. Nikamwambia, watakaa, nikiwakalisha mimi. Siku kumi na saba nilikuwa na zile dakika nne mikononi. Kazi zangu nyingine ni za watu. Ile ni yangu."

Akaniuliza kama kahawa ni mbaya, maana sikuwa nimeionja.

Alhamisi, 21 Novemba

Watu hamsini na mmoja.

Jumamosi, 23 Novemba

Watu sitini na wanne. Mvua kubwa. Laroussi sasa anafunga duka lake mapema, ameandika kwa chaki mlangoni: *Niko kwa Bi Dalenda.*

Jumatatu, 25 Novemba

Makopo yamefika saa nne asubuhi, yamecheleweshwa na daraja. Nilimwambia Sirine aniache nikague peke yangu.

Nilianza na la mwisho. Nikazungusha taratibu kwa mkono, mkanda ukipita kati ya vidole. Kidole kikagusa kabla jicho halijaona. Kiungo, kimepinda upande, kona moja imechongoka pale mkasi uliporuka. Utepe umekuwa rangi ya chai. Mimi huyo. Kinanitazama.

Alasiri Sirine akaja na karatasi zake. "Mzee, hapa imeandikwa dakika tisini na sita. Mimi nimehesabu tisini na mbili."

"Filamu za zamani huchanika, mwanangu. Hapa kidogo, pale kidogo."

"Dakika nne?"

"Hutokea. Zile za Bi Dalenda zipo."

Aliniamini. Macho yangu ndiyo pekee anayoyaamini.

Jumanne, 26 Novemba

Sikula.

Jumatano, 27 Novemba

Nimemwambia Mahbouba, jikoni, akiwa anakoroga mchuzi wa kuskusi. Nilisema yote bila kumtazama. Mwiko ulisimama.

"Ile filamu niliiona," akasema. "Juma lile lile. Tulikuwa bado hatujaoana, nilikwenda na dada zangu."

"Najua. Niliwaona kutoka dirishani."

"Kwa hiyo hakuondoka?"

"Hakuondoka. Alikaa akala komamanga."

Akazima jiko. Akavuta kiti akakaa.

"Mongi, miaka mingapi nimemfikiria yule mwanamke? Nikigombana na mama yako nilikuwa nasema, yule wa Sejnane alikuwa na ujasiri, alifungua mlango akaenda, na mimi mwoga nimebaki. Nilijiona mdogo. Kumbe yeye naye alibaki, na alikuwa anakula kwa raha zake!" Alinitazama kwa namna ambayo sijaiona kwa miaka. "Wewe hukukata mkanda. Ulikata watu. Kesho utamwambia yule binti, au nitamwambia mimi, na mimi sitamwambia kwa upole."

Alhamisi, 28 Novemba

Filamu ya saba, watu themanini na wawili. Siikumbuki.

Wote walipotoka nikamwita Sirine. Alikuwa akikusanya tiketi zilizotupwa, akaketi kwenye ngazi kunisikiliza. Nilimweleza kuhusu Sadok, mkasi, msumari na zile dakika tisini na mbili. Nilimwambia pia kwamba Jumatatu nilimdanganya. Nilitaka apige kelele. Hakupiga. Uso wake ulikuwa mweupe, mikono imeshika zile tiketi kama mtu aliyeshika mwana asianguke.

"Nimeandika kwenye bango," akasema polepole. "Nakala pekee iliyobaki. Nimemwahidi atasikia ukumbi."

"Najua, mwanangu."

"Usiniite mwanangu leo."

Akainuka, akazima taa za ukumbi moja moja. Mlangoni akageuka. "Kesho saa tatu nakupitia. Tunakwenda Menzel Jemil. Utasema mwenyewe, kwa mdomo wako, na mimi nitakaa pembeni."

Ijumaa, 29 Novemba

Mvua imekatika. Daraja lilikuwa limeinuliwa, tulisubiri ndani ya gari meli ya nafaka ipite. Haikuwa na haraka yoyote. Tulipovuka akaniambia tu, "Funga mkanda," nikashtuka kwa lile neno.

Bi Dalenda alikuwa uani, anapasua zeituni kwa jiwe, moja moja, anazitupa kwenye maji ya chumvi. Hakutuambia tukae. Nikasema yote nikiwa nimesimama. Sikumsingizia Sadok. Nilimtaja, lakini nilisema mkono ulikuwa wangu.

Jiwe lilisimama hewani, kisha likashuka. Zeituni mbili, tatu. Ndipo akauliza:

"Ulikata wapi?"

"Mlango ukishagonga."

"Kabla ya giza au baada ya giza?"

"Kabla."

"Mjinga. Ungeacha picha kumi za giza, angalau watu wangepumua." Zeituni nyingine. "Kwa kifaa gani?"

"Mkasi wa mama. Wa kushonea."

"Wa kushonea." Akalirudia neno hilo kama mtu aliyetajiwa ugonjwa. "Na kipande?"

Nikamwambia kipande kilikwenda wapi. Hapo aliweka jiwe chini. Akafuta mikono kwenye aproni, akaingia ndani, mlango ukafungwa. Tulibaki na mlimau. Sirine alikuwa akilia bila sauti, nami sikuwa na haki hata ya kumpa leso. Robo saa ilipita, labda zaidi. Bibi akatoka, amenawa uso, nywele za mbele zimelowa.

"Nina hasira na wewe, kijana," akasema. "Sitakudanganya kwamba sina, na sitakuambia yamepita. Hayajapita. Huyo aliyekuagiza yuko wapi?"

"Amekufa, bibi. Miaka ishirini sasa."

"Mungu amrehemu, ameniponyoka. Basi nimebaki na wewe." Akaketi. "Nilidhani watu hawakuipenda. Nilipotoka hospitali nilikutana na mwanamke sokoni Béja, akaniambia, ile filamu yako, yule dada alivyoondoka, nililia sana. Nikajua nimeshindwa. Nilidhani nimekata vibaya mpaka mtu hakuelewa kwamba alibaki. Kila filamu niliyofanya baadaye niliifanya kwa woga. Kumbe sikushindwa. Kumbe hakuona."

Alikuwa akinitazama, lakini sikuona chuki usoni mwake. Ilikuwa ni hesabu. Nilielewa kwamba hivi ndivyo alivyokuwa akiitazama mikanda.

"Taa yako inaweza kuwaka bila mkanda?"

"Inaweza."

"Dakika nne?"

"Hata saa nzima, bibi."

"Dakika nne na sekunde sita. Kesho utasimama mbele ya watu kabla ya filamu, utawaambia ulichofanya. Mlango ukigonga, usiwashe taa za ukumbi. Acha mwanga kwenye pazia. Mengine ni yangu."

Sirine akafungua mdomo. "Bibi, utafanya nini?"

"Nitawakalisha," akasema, akachukua jiwe.

Jumamosi, 30 Novemba

Hakuna mvua, hakuna ndoo. Watu mia moja na arobaini na watatu. Laroussi alikuwa amewaambia wote aliowanyoa juma zima, na wengine wameletwa na wake zao. Bi Dalenda alikuja na koti jeusi, akakaa katikati, safu ya sita. Mahbouba alikuwa safu ya pili. Alikuwa ameniwekea makroudh mfukoni, keki ndogo za tende, mbili, zimefungwa kwa karatasi. Nikajua angalau nyumbani bado nina mahali.

Nilisimama mbele. Sikuwahi kukiangalia kile chumba kidogo cha juu kutoka upande huu. Nikawaambia: mimi Mongi, mnanijua, mwaka sabini na tisa niliwaibia mwisho wa filamu hii. Nikawaeleza nilivyofanya. Mzee mmoja wa nyuma akapaza sauti: "Ndiyo maana! Nilijua! Nilisema ilikuwa ndefu zaidi!"

"Wewe ndiye uliyepiga mluzi, Chedly!" mwingine akamjibu, na ukumbi ukacheka. Mimi sikucheka. Bi Dalenda pia hakucheka. Alinionyesha kwa kidevu kwamba nipande juu.

Nikapanda. Nikarusha. Kwa mara ya kwanza niliitazama filamu ile yote, dakika tisini na mbili, sikuketi. Barua zinakuja. Hajui kusoma, anampelekea mtoto wa jirani amsomee, na kila barua Bi Dalenda anatuonyesha mtoto amerefuka kidogo, na hivyo ndivyo tunavyojua miaka imepita. Hakuna anayesema "miaka imepita". Mara ya tano mtoto ana sauti nzito na hataki tena kusoma. Nikajiuliza mtu anapataje akili kama hiyo, na kwa nini nilihitaji miaka arobaini na mitano kuiona.

Furushi likafungwa. Akalibeba. Mlango. Mkono. Komeo.

Kiungo changu kikapita projektani kwa mlio mdogo, tik, na pazia likawa jeupe. Nikaacha taa.

Watu waligeuza shingo. Bi Dalenda alikuwa amesimama, anapita kati ya magoti ya watu hadi mbele. Kivuli chake kilikuwa kidogo sana chini ya weupe ule. Hakuwa na karatasi.

"Mlango," akasema. Sauti yake haikuwa kubwa, lakini niliisikia hadi juu. "Sasa tuko ndani. Giza kidogo. Sekunde tisa hatumwoni, tunasikia viatu vikivuliwa. Kimoja." Akasubiri. "Kingine.

"Meza. Furushi liko juu yake, fundo limekwisha kufunguliwa. Hatukumwona akilifungua. Sikutaka mumwone akiamua. Alikuwa ameshaamua.

"Mikono. Komamanga. Kisu kipo pembeni, hakitumii, anapasua kwa dole gumba. Punje moja inaanguka sakafuni. Mwongozaji aliniambia nitoe, ni kosa la mwigizaji. Nikaiacha. Sekunde tatu, tunaitazama punje.

"Uso. Anakula."

Akanyamaza. Nilikuwa nimekusudia kumpimia kwa saa yangu, nione kama kweli anazijua zile sekunde. Nikasahau kuitazama.

"Anakula."

Hakuna aliyekohoa. Nilimwona Mahbouba amesogea mbele kwenye kiti, mikono juu ya kiti cha mbele yake.

"Bado anakula. Hapa ndipo mlipopiga miluzi." Kicheko kidogo, cha aibu, kikapita safuni kikazimika. "Nje, kaka yake anamwita kwa jina. Mara moja. Mara ya pili. Hatutoki nje kumwona. Tunabaki naye. Mdomo umejaa, hawezi kujibu. Anautazama mlango, anatafuna. Kisha anacheka. Si sana. Pua tu na macho.

"Anachukua nusu ya pili."

Mikono yake, ile inayotetemeka na sinia la kahawa, alikuwa ameiweka mbele kama anayeshika kitu, na haikutetemeka hata kidogo. Wote mia moja na arobaini na watatu walikuwa wakitazama pazia jeupe lililo juu ya kichwa chake, na sidhani kama kuna hata mmoja aliyeliona jeupe. Mimi nilimwona yule mwanamke. Naapa nilimwona.

Hakuna aliyepiga makofi. Hakuna aliyeinuka. Bi Dalenda alisimama akiwasikiliza, kichwa ameinamisha upande mmoja, kama mtu anayesikiliza mvua kujua itakatika lini. Alisikiliza kwa muda mrefu. Kisha akainua uso hadi kwenye dirisha langu, akakinga macho kwa kiganja.

"Zima taa, Mongi," akasema. "Mwache amalize kula."

Nikazima.